Yamenyunyiziwa, Hayakufa

Si kweli kwamba Bwana Shamba wa Patsy, kisiwani Nzuwani, aliificha dawa ya magugu. Naanza na hilo kwa sababu mwezi uliopita, katika karamu ya arusi hapa Itsandra, nilimsikia mtu wa makamo, mwenye cheo na kitambi cha cheo, akiwaeleza wenzake kwamba mpunga wa Nzuwani uliharibiwa zamani na afisa mmoja aliyeyakalia mapipa ya dawa mpaka magugu yakashinda. Wenzake wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Nikasema kwamba habari hiyo si sahihi.

"Mzee wangu, wewe umejuaje?" akaniuliza kwa adabu.

"Mimi ndiye niliyeiandika."

Wakacheka, wakidhani nimefanya mzaha. Kisha sinia la wali likaletwa, na hapakuwa na aliyetaka kusikia zaidi.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika idara ya kilimo mjini Moroni, tangu kabla ya uhuru hadi siku milango ya idara ilipofungwa. Kiswahili hiki nilikipata Unguja, nilikokulia kabla ya jamaa zangu kurudi visiwani. Kuhusu Bwana Shamba sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani; kwa mambo ya nasaba watu wetu hawahitaji msaada wangu. Nitaeleza alivyofanya kazi, kwa kuwa hilo ndilo lililopotoshwa, na mimi ni miongoni mwa waliolipotosha.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye magoti yaliyotangulia mbele ya mwili wake kama kwamba yana haraka kuliko yeye. Begani alining'iniza mfuko wa ukindu, na kwenye mfuko alifunga kifagio kidogo cha njiti. Mtu yeyote aliyetaka kuingia katika shamba la mbegu, juu ya Patsy, alisimama kwanza mpakani afagiliwe: upindo wa suruali, nyayo za viatu, pindo la kanzu. Majembe aliyaosha kila yalipotoka kitalu kimoja kwenda kingine. Mbuzi aliwachukia kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine anayeswali swala tano. "Mbuzi," aliniambia, "ni gunia la mbegu lenye miguu." Katika arusi ya shemeji yake, mjini Mutsamudu, aliinama mbele ya wageni waheshimiwa akamfagia bwana arusi upindo wa joho, kwa kuwa aliona punje mbili za majani zimenasa. Watu walilizungumza jambo hilo mwaka mzima. Yeye hakuelewa wanacheka nini.

Adui yake alikuwa gugu moja la jamii ya nyasi ambalo likiwa changa halitofautiani na mpunga. Wanawake wa Patsy waliliita shemeji, kwa sababu hukaa katikati ya familia, hula chakula cha familia, na hakuna anayethubutu kulifukuza. Bwana Shamba aliwafundisha kulitambua. Aling'oa shina la mpunga, akalivuta jani kidogo mahali linapokutana na bua, akaonyesha kijiutando cheupe kilichosimama pale. "Mpunga una ulimi," alisema. Kisha akalivuta jani la gugu mahali pale pale. Patupu. "Huyu hana ulimi. Msimhukumu kwa kimo wala kwa rangi. Mfungueni mdomo."

Kiongozi wa wanawake wale, mama mtu mzima ambaye wote walimwita Koko, yaani bibi, alipiga makofi. "Shemeji asiye na ulimi! Bwana Shamba, yuko wapi huyo nimwoze binti yangu leo hii?"

"Umwoze, atakumalizia wali."

"Wali atanimalizia, lakini hatanijibu!"

Nililishuhudia hilo kwa macho yangu, katika safari yangu ya kwanza ya ukaguzi. Wakati ule wanawake kumi na wawili walipalilia kwa safu moja, bega kwa bega, Koko akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, na safu ilisogea mbele kwa mapigo ya wimbo. Aliyechoka hakuweza kubaki nyuma bila wimbo kumsema kwa jina lake. Shamba la leo la mmoja, kesho lilikuwa la mwingine. Hivyo ndivyo walivyokopeshana migongo. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa Bwana Shamba ndiye aliyelikomesha. Anayetaka kumtetea asilifiche.

Miaka michache kabla ya uhuru mkuu wetu, Mfaransa, alileta mapipa ya dawa na pampu za kubeba mgongoni. Bwana Shamba aliipokea dawa ile kwa moyo wote. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Aliwaambia wanawake kwamba migongo yao sasa itapumzika, na alikuwa mkweli: mwaka wa kwanza shemeji alikauka na mpunga ukabaki peke yake, kijani kitupu kutoka mpaka hadi mpaka. Mwaka wa pili vilevile. Koko na wenzake wakageukia mambo mengine, mmoja akafungua kibanda cha karafuu, wawili wakaolewa bondeni. Safu ikavunjika bila mtu kuivunja.

Kilichomtofautisha na maafisa wengine niliowajua ni kwamba baada ya kunyunyiza alirudi. Wengine walinyunyiza wakaandika. Yeye, siku kumi baadaye, aliingia shambani peke yake na kifurushi cha nyuzi za kigomba, akapita mstari kwa mstari akitafuta gugu lililobaki hai. Kila alipoliona alilifunga uzi na kuliacha. Siku kumi nyingine alirudi tena. Lililokuwa limekoswa na pampu, alieleza, huonekana: liko kwenye kona, nyuma ya jiwe, chini ya jani pana. Lakini yale aliyoyafunga mwaka wa tatu yalikuwa katikati ya mstari, na mengine yaliyoungua pembeni yake yalithibitisha kwamba dawa ilifika. Jirani alikufa, yeye yu hai. Mwaka wa nne nyuzi hazikutosha.

Nilimuuliza kama dawa imeharibika.

"Dawa ni ile ile," alisema. "Dawa haimfundishi gugu kuishi. Inachagua tu. Kila mwaka tunaua wepesi kufa, tunawaachia shamba wagumu. Aliyebaki ndiye atakayezaa, karani."

"Basi ongeza kipimo."

"Nikiongeza, nitakuwa nimewachagua wagumu zaidi." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama aliyevaa shati kinyume. "Linalobaki ling'olewe kwa mkono kabla halijamwaga mbegu. Lote. Hakuna njia nyingine. Na mikono ile niliifukuza mimi."

Kung'oa kwenyewe kulikuwa na ufundi. Shemeji aliyekomaa ukimgusa tu humwaga. Kwa hiyo Bwana Shamba alikunja karatasi kuwa bweta lenye ncha, kama lile la muuza njugu, akalipitisha chini ya suke, akaliinamisha suke ndani taratibu, ndipo akakata. Bweta zima lilikwenda motoni. Majani ya mgomba hayakumfaa, kwa kuwa hupasuka penye mkunjo. Karatasi hazikupatikana Patsy. Basi kila nilipofika aliniomba karatasi za ofisi zilizoharibika, na kila mara nilimkatalia. Karatasi ya serikali, hata iliyokosewa, huhesabiwa na huteketezwa kwa utaratibu; si ya kufungia magugu. Hakukasirika. Safari iliyofuata aliomba tena, kwa maneno yale yale, na mimi nikakataa kwa maneno yale yale, hata ikawa kama salamu baina yetu.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alikuza mbegu bora ya mpunga katika kisiwa kizima lakini nyumbani alipika mchele wa gunia, uliokuja na meli. Wa kwake, alisema, anaujua mno hawezi kuula. Alichukia maneno mengi, na bado nilimkuta zaidi ya mara moja akizungumza na gugu alilolifunga uzi, akilihoji kwa upole kama hakimu. Mkewe alikuwa na nyumba mjini Mutsamudu, nyumba ya mwanamke kama ilivyo desturi yetu, na mume huja humo kama mgeni wa heshima. Yeye alikuja mgeni kwelikweli: Ijumaa, baada ya swala, akiwa amenyooshewa kanzu. Jumamosi alfajiri alikwisha panda kilima. Nilipomuuliza kama hapati upweke kule juu, alisema kwamba shamba halimwachii mtu nafasi. Sikumwamini.

Sasa nifike kwenye fomu.

Fomu yetu ya palizi ilikuwa na safu mbili: vitalu vilivyonyunyiziwa, na vitalu visivyonyunyiziwa. Mwaka ule wa nne fomu ya Patsy ilifika Moroni ikiwa imeandikwa namna ambayo sijawahi kuona. Bwana Shamba alikuwa amepiga mstari juu ya safu zote mbili, na pembeni, kwenye pambizo, ameandika kwa Kifaransa chake cha shule: yamenyunyiziwa, hayakufa. Nilimpelekea mkuu. Mkuu alikuwa anafunga makabati yake, kwa kuwa uhuru ulikwisha tangazwa na wenzake walikuwa wakiondoka kwa kila ndege. Aliitazama bila kukaa. "Weka panapofaa," akasema.

Katika ofisi yetu pambizo halikuwa mahali pa habari. Kitalu kilichonyunyiziwa, kwa maelezo yaliyochapwa juu ya fomu yenyewe, ni kitalu ambacho magugu yake yamekufa. Magugu ya Patsy hayakufa. Nikaviandika vitalu vyote katika safu ya pili: visivyonyunyiziwa. Nikanakili kwa mwandiko safi, nikapiga mhuri, nikaweka jaladani. Fomu yake ya asili, kwa kuwa imeharibiwa kwa mistari, niliiteketeza kwa utaratibu.

Serikali ya mapinduzi ilipokuja ilitaka visiwa vijilishe vyenyewe. Hilo sikulipinga, nani angelipinga? Mjini Mutsamudu iliundwa kamati ya kusimamia mazao, ikaagiza mapipa yaliyosalia yanyunyizwe kwa kipimo maradufu. Bwana Shamba akakataa. Akawaambia waitishe watu wapalilie kwa mikono, akaeleza habari ya wepesi na wagumu. Mwenyekiti wa kamati akamwambia kwamba wakulima hawakufanya mapinduzi ili warudi kuinama. Kisha likaletwa jalada kutoka Moroni, na pamoja na jalada nikaletwa mimi, kuthibitisha.

Kikao kilifanyika uwanjani, watu wamesimama. Mwenyekiti alinyanyua karatasi. Mapipa mangapi yalipokelewa Patsy, ilijulikana. Vitalu vingapi vilinyunyiziwa? Hata kimoja. Dawa imekwenda wapi?

"Karani, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Na kilichoandikwa ni sahihi?"

Bwana Shamba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Hakunitazama kwa kunisihi. Alinitazama kama alivyolitazama gugu mwaka ule wa tatu, kutaka kujua.

Nikasema, "Kimeandikwa kwa mujibu wa fomu."

Nimelirudia jibu hilo kichwani kwa miaka mingi na sijapata ndani yake neno la uongo. Walimvalisha pampu tupu mgongoni wakamtembeza kutoka Mutsamudu hadi Patsy, njia yote ya kupanda, huku mtu akipiga debe mbele yake. Alisema jambo moja tu, pale kwenye kona ya mwisho, walipokuwa wamesimama Koko na wanawake wengine: "Pampu ni tupu kwa sababu niliimwaga shambani." Koko, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alijifunika mdomo kwa ncha ya shiromani aliyojitandia. Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Ijumaa iliyofuata alishuka mjini kama kawaida. Kwa mkewe mlango ulifunguliwa na kaka wa mke, akaambiwa apumzike kwanza huko huko juu, mambo yapoe.

Kipimo maradufu kilinyunyizwa. Matokeo yake kila aliyepita Patsy mwaka uliofuata aliyaona: shemeji amefika kiunoni mwa mtu, na mpunga chini yake umekaa kama uliofiwa.

Kisha kwa amri ya serikali hiyo hiyo tukaachishwa kazi sote, watumishi wake, na kumbukumbu za ofisi zikatolewa nje zikachomwa. Niliuona moshi wake kutoka bandari ya Moroni. Nimekwisha andika barua kwa kila serikali iliyofuata kupinga kitendo kile, na nitaendelea kuandika: nchi isiyo na majalada haina wa kumuuliza. Lakini kwa kuwa nimeahidi kuweka mambo sawa, nakiri kwamba nilipouona ule moshi nilikumbuka fomu moja, na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa faraja. La pili lilikuwa hofu. Karatasi iliyosema uongo imeteketea, na uongo wenyewe umekwisha enea. Sasa hakuna tena mahali pa kuusahihisha.

Niliketi nyumbani siku nzima. Nilichukua karatasi nzuri, ya mwisho niliyokuwa nayo, nikaichora fomu upya kwa rula, safari hii kwa safu tatu, nikaviandika vitalu vya Patsy katika safu ya tatu, ya vilivyonyunyiziwa bila magugu kufa, pambizoni nikayarudisha maneno yake, na chini nikaeleza kosa ni la nani. Nikatia saini. Nikapanda chombo kwenda Mutsamudu.

Huko Patsy nilimkuta Koko kibarazani kwake, uso umepakwa msindano, urembo wetu wa unga wa sandali.

"Kwezi, Koko," nilimwamkia kwa salamu ya kwetu.

"Mbona, mwanangu." Akaitikia hivyo, kisha akanikazia macho. "Wewe ni yule wa karatasi."

"Namtafuta Bwana Shamba."

"Yuko kwa wake zake wasio na ulimi. Amekuja hapa mara tatu kuniomba niirudishe safu. Kamwambie mgongo wangu ulikwenda likizo kwa amri yake, na bado sijaupata." Alisema hivyo kwa ukali, kisha akalitazama jembe lake lililoegemea ukuta. "Mara ya tatu hakuomba hata. Alikaa tu hapo ulipokaa."

Shamba la mbegu lilikuwa limetelekezwa. Lakini katika kona yake ya juu palikuwa na kitalu kimoja, kidogo kuliko ukumbi wa msikiti, cha mpunga safi unaoanza kuinamisha masuke, na pande zake zote magugu yamesimama kama ukuta. Bwana Shamba alikuwa amechutama ndani, akisogea kwa magoti. Amekonda zaidi. Aliponiona alinyanyuka, akatoa kifagio, akanifagia upindo wa suruali. Ndipo nikaingia.

"Nimeleta masahihisho," nikasema.

"Soma. Miwani ilivunjika."

Nikasoma, nimesimama wima, kuanzia kichwa cha fomu hadi saini. Nilipofika pambizoni, kwenye maneno yake, aliyasema pamoja nami. Upepo ulikuwa unapanda kutoka pwani. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Haina mhuri?"

"Mhuri ulichomwa pamoja na mengine."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mbali. "Na utaipeleka kwa nani?"

Nilikuwa nimevuka bahari na karatasi sahihi, isiyo na ofisi ya kuipokea.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa." Kisha akanionyesha kwa kidole. Katikati ya mpunga wake, hatua mbili kutoka alipochutama, lilikuwa limesimama gugu moja, suke limekwisha iva, linatikisika kwa upepo. "Nimemkosa huyo mwezi mzima. Jani la mgomba litapasuka." Akanyoosha mkono, na kwa maneno yale yale ya miaka yote akasema, "Karani, huna karatasi iliyoharibika?"

Hii haikuwa imeharibika. Ilikuwa fomu pekee isiyo na kosa niliyowahi kuiandika. Nikampa.

Aliikunja bweta kwa vidole vyake vikavu, mara moja, bila kusita, akalipitisha chini ya suke na kuliinamisha suke ndani. Hakuna punje iliyoanguka. Akakata, akafunga mdomo wa bweta, akaliweka juu ya jiwe jeusi mahali pake pa kuchomea. Kiberiti kikamshinda mara mbili kwa upepo. Akanipa mimi.

Nikawasha. Safu ya tatu ndiyo iliyoshika kwanza. Tulisimama pamoja mpaka punje zikaacha kulia ndani ya moto, kisha yeye akarudi chini kwa magoti yake, mahali alipokuwa ameachia, akaacha upande wake wa kulia nafasi ya mtu mmoja.